Gundam: Jinsi katuni iliyokatishwa kwa kukosa watazamaji ilivyogeuka chapa ya mabilioni

Januari 26, 1980, kituo cha televisheni cha Nagoya nchini Japani kilirusha sehemu ya mwisho ya katuni ya roboti iitwayo Mobile Suit Gundam. Ilipangwa iwe na sehemu 52, lakini ilikatishwa kwenye sehemu ya 43. Watazamaji walikuwa wachache, na mdhamini wake mkuu, kampuni ya vitu vya kuchezea iliyoitwa Clover, hakuwa ameridhika na mauzo.

Leo, jina hilohilo linaiingizia kampuni ya Bandai Namco mauzo ya zaidi ya yen bilioni 100 kwa mwaka. Kuna filamu, mifululizo ya televisheni, michezo ya video, vitabu, nguo, na sanamu za roboti zenye urefu wa jengo la ghorofa sita.

Tumeamua kulieleza jambo hili kwa sababu ya swali ambalo wasikilizaji wetu wanaochora na kuandika hadithi hutuuliza mara kwa mara: mtu akiwa na wazo moja zuri, linakuaje mpaka likawa filamu, kitabu, mchezo na fulana, kisha likadumu? Gundam inatupa jibu lenye faida kwa sababu ilianza vibaya.

Gundam ni nini?

Mobile Suit Gundam ilianza kuonyeshwa Aprili 7, 1979. Iliongozwa na Yoshiyuki Tomino katika studio ya Sunrise. Yoshikazu Yasuhiko alichora wahusika, na Kunio Okawara alibuni mashine.

Kabla ya hapo, katuni nyingi za roboti nchini Japani zilikuwa na mpangilio uleule. Roboti shujaa mmoja, wavamizi waovu, na kila wiki dubwana jipya la kupigwa. Roboti alikuwa kama mungu wa chuma asiyeshindwa.

Tomino na wenzake walibadili mambo mawili. Kwanza, roboti akawa silaha ya kijeshi kama kifaru au ndege ya kivita. Anatengenezwa kiwandani, anaishiwa risasi, anaharibika, na rubani hukaa ndani yake akiwa na hofu. Pili, maadui hawakuwa mashetani kutoka sayari nyingine. Walikuwa binadamu.

Hadithi inasema kwamba idadi kubwa ya watu imehamia kwenye makazi makubwa yaliyojengwa angani. Mwaka 0079 wa kalenda mpya, moja ya makundi ya makazi hayo, Zeon, linatangaza vita vya kudai uhuru dhidi ya Shirikisho la Dunia. Ndani ya muda mfupi nusu ya binadamu wote wamekufa. Kijana wa miaka 15, Amuro Ray, anajikuta ndani ya Gundam, mashine ya siri ya jeshi, kwa sababu vita vimefika mtaani kwao. Upande wa pili yuko Char Aznable, rubani mwenye kinyago ambaye ana kisasi chake mwenyewe na watawala anaowatumikia.

Kwa nini ilikatishwa?

Hapa ndipo somo la kwanza lilipo. Katuni ya aina hiyo haikulipwa na watazamaji. Ililipwa na mdhamini, na mdhamini alitaka kuuza midoli ya chuma na plastiki kwa watoto wadogo. Waliovutiwa na Gundam walikuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, watu waliopenda siasa za hadithi na huzuni ya wahusika. Hao hawakununua midoli ya watoto.

Kwa lugha ya sokoni, bidhaa iliyokuwa mezani na mteja aliyekuwa mlangoni havikulingana.

Studio ilijaribu kumridhisha mdhamini. Katikati ya mfululizo iliongezwa mashine iliyoitwa G-Armor, ambayo Gundam aliweza kuunganishwa nayo kwa namna mbalimbali, jambo zuri kwa mwanasesere lakini gumu kuaminika vitani. Hadithi ilipotengenezwa upya kwa ajili ya sinema, G-Armor iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ndege ya kawaida zaidi. Mtazamaji makini anaweza kuona pale palepale wapi hadithi ilikuwa inaongoza na wapi duka lilikuwa linaongoza.

Clover yenyewe haikudumu. Ilifilisika mwaka 1983.

Kiboksi cha yen 300

Julai 1980, miezi sita baada ya katuni kuisha, kampuni ya Bandai ilitoa modeli ya plastiki ya Gundam ya kuunganisha mwenyewe. Bei yake ilikuwa yen 300. Ndani ya boksi kulikuwa na vipande vilivyoshikamana kwenye fremu ya plastiki. Mnunuzi alivikata, akavigundisha kwa gundi, na akitaka akapaka rangi.

Kitu kimoja kidogo kilifanya tofauti kubwa, nacho ni kipimo. Bandai ilitengeneza modeli hizo kwa kipimo cha 1 kwa 144, kama zinavyotengenezwa modeli za ndege halisi. Gundam ana urefu wa mita 18, kwa hiyo modeli yake ina sentimita 12.5. Roboti wa Zeon naye akatolewa kwa kipimo hichohicho. Ukiwaweka kwenye rafu moja, unaona ukubwa wao halisi wakilinganishwa, kana kwamba mashine hizo zipo kweli.

Kijana wa miaka 16 aliyeona haya kununua mdoli hakuona haya kununua modeli. Sasa bidhaa ikalingana na mteja. Modeli hizo, ambazo mashabiki huziita Gunpla, ziligombaniwa madukani. Januari 1982, watoto walijeruhiwa kwenye ngazi za umeme za duka moja katika mkoa wa Chiba walipokuwa wakikimbilia kuzinunua.

Nafasi ya pili kwenye sinema

Wakati modeli zikiuzwa, katuni ilirudiwa kwenye televisheni na majarida ya katuni yakaendelea kuiandika. Sunrise ikakusanya sehemu 43 na kuzifupisha kuwa filamu tatu, zilizotoka kati ya Machi 1981 na Machi 1982. Picha nyingi zilikuwa zilezile za televisheni, lakini filamu ya tatu iliongezewa michoro mingi mipya.

Februari 22, 1981, kabla ya filamu ya kwanza kutoka, maelfu ya vijana walikusanyika mbele ya kituo cha treni cha Shinjuku mjini Tokyo. Huko lilisomwa tamko kwamba zama mpya za katuni zimeanza. Watu wazima waliokuwa wakidhani katuni ni kitu cha kumnyamazisha mtoto jioni walishangaa.

Tukitazama nyuma, hatua hizo tatu zilisaidiana. Marudio yaliwapa watu nafasi ya kuona, modeli ziliwapa kitu cha kushika, na filamu ziliwapa sababu ya kukutana. Hakuna ambayo ingetosha peke yake. Tena, zote zilitumia kazi ambayo tayari ilikuwa imefanyika. Gharama kubwa ya kuchora ilikuwa imeshalipwa mwaka 1979.

Dunia yenye kanuni zake

Sasa tufike kwenye kiini. Hadithi nyingi hupendwa kisha huisha. Gundam iliweza kuendelea kwa sababu haikujengwa juu ya mtu mmoja tu. Ilijengwa juu ya dunia yenye kalenda, vita, vyama, viwanda na historia. Vita vya mwaka 0079 vilikuwa vikubwa, na katuni ilionyesha meli moja tu na watu wake. Askari wengine wote walikuwa na hadithi ambazo hazijasimuliwa.

Bandai ililiona hilo mapema. Mwaka 1983 ilianza kuuza modeli za mashine ambazo nyingi hazikuwahi kuonekana kwenye televisheni. Ziliandikiwa maelezo majaridani: nani aliziendesha, katika kikosi gani, na kwa nini zilipakwa rangi hiyo. Wanunuzi walizikubali, kwa sababu katika dunia ile zingeweza kuwapo.

Mwaka 1985 ukaja mfululizo wa pili, Zeta Gundam, hadithi ikiwa imesogea miaka minane mbele. Huu umetugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Ndani yake kuna kambi ya kijeshi iliyojengwa kwenye Mlima Kilimanjaro, na mapigano makali yanapiganwa kwenye theluji ya mlima huo. Muda mfupi baadaye mhusika mkuu mmoja anahutubia bunge la Shirikisho, na bunge hilo liko Dakar, Senegal. Waandishi wa Tokyo walichukua ramani halisi ya dunia na kuifanya uwanja wa hadithi yao.

Mwaka 1988 filamu ya Char's Counterattack ilifunga uhasama wa Amuro na Char. Mwaka uliofuata ilitolewa kwenye kanda za video hadithi fupi ya sehemu sita, War in the Pocket, kuhusu mtoto wa shule anayeona vita ni mchezo mpaka vinapomfikia. Mwandishi mwingine, mwongozaji mwingine, wahusika wapya, lakini dunia ileile. Hapo Gundam iliacha kumtegemea Tomino peke yake.

Kuvunja kalenda

Dunia yenye kanuni ina hatari yake. Kadiri historia inavyorefuka, ndivyo mgeni anavyoogopa kuingia. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1985 hawezi kuanza kufuatilia vita ambavyo kaka yake ameshavisoma kwa miaka kumi.

Mwaka 1994, miaka 15 baada ya mwanzo, wamiliki walichukua uamuzi mgumu. Mfululizo mpya, G Gundam, uliongozwa na Yasuhiro Imagawa na ulikuwa nje ya kalenda ya zamani kabisa. Mataifa yanapigana ulingoni, kila nchi na roboti wake, kama mashindano ya ngumi. Mashabiki wa zamani wengi walikasirika. Watoto walifurahi.

Tangu hapo kukawa na milango miwili. Mlango mmoja ni kalenda ya kwanza, kwa waliokulia humo. Mwingine ni dunia mpya zinazojitegemea, ambazo mtu anaweza kuzianza bila kujua lolote. Gundam Wing ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua soko la Marekani ilipoonyeshwa na Cartoon Network mwaka 2000. Gundam SEED ya mwaka 2002 ilikamata kizazi kipya cha Japani. Filamu yake ya mwendelezo ilitoka Januari 2024, zaidi ya miaka 20 baadaye, na ikaingiza zaidi ya yen bilioni 5 katika kumbi za Japani, kiasi kikubwa kuliko filamu yoyote ya Gundam kabla yake. Na mwaka 2022, The Witch from Mercury ilimweka msichana kuwa mhusika mkuu kwa mara ya kwanza katika mfululizo mkuu wa televisheni, ikaiweka hadithi shuleni, na kuvuta watazamaji ambao hawakuwahi kuigusa Gundam.

Kilichobaki bila kubadilika ni nini? Roboti mwenye sura inayotambulika kwa pembe zake mbili za dhahabu, rubani kijana aliyeingia vitani bila kutaka, na swali la kwa nini watu wanapigana. Vingine vyote vilikuwa huru kubadilika.

Ngazi ya bei

Jambo jingine ambalo waandaaji wengi hulisahau ni mfuko wa mteja. Modeli za Gundam zimepangwa kwa madaraja. Daraja la High Grade lilianza mwaka 1990, Master Grade mwaka 1995, na Perfect Grade mwaka 1998. La kwanza mwanafunzi anaweza kulimudu kwa akiba yake. La mwisho ni kazi ya wiki kadhaa na bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Kuna pia Gundam wadogo wenye vichwa vikubwa, wa kuchekesha, kwa ajili ya watoto.

Kwa mpangilio huo, shabiki haachi chapa anapokua. Anapanda ngazi. Baba wa miaka 50 na mwanawe wa miaka 10 wanaweza kuingia duka moja, na kila mmoja akatoka na boksi lake.

Mwaka 2009, kuadhimisha miaka 30, Gundam wa urefu kamili wa mita 18 alisimamishwa Odaiba, Tokyo. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024, Yokohama ilikuwa na Gundam wa ukubwa huohuo aliyeweza kusogea. Hapo chapa iliacha kuwa kitu cha kwenye skrini tu, ikawa sehemu ya kwenda kutembea na familia.

Wengine walipita njia gani?

Kuna waliofika kwa njia ya kinyume. Transformers ilianza na midoli. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli ya kampuni ya Takara ya Japani, iliyokuwa ikiuzwa chini ya majina ya Diaclone na Microman, kisha ikawaomba waandishi wa Marvel waibunie hadithi. Bob Budiansky aliwapa wengi wao majina na tabia. Mwaka 1984 vikatoka pamoja midoli, kitabu cha katuni na mfululizo wa televisheni. Huo ulikuwa mpango kamili tangu siku ya kwanza.

Lakini hata mpango kamili unaweza kuteleza. Filamu ya katuni ya mwaka 1986 ilimuua kiongozi wa roboti wema, Optimus Prime, ili kutoa nafasi kwa midoli mipya. Watoto walilia kumbini, wazazi wakalalamika, na baadaye Optimus akafufuliwa. Kampuni ilikuwa imeona mdoli wa zamani, watoto walikuwa wameona mtu wanayempenda.

Filamu za waigizaji halisi zilizoanza mwaka 2007 chini ya Michael Bay zilileta fedha nyingi. Ya mwaka 2011 na ya mwaka 2014 kila moja ilipita dola bilioni 1. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kelele na milipuko viliongezeka, hadithi ikapungua, na ya mwaka 2017 ikaishia karibu dola milioni 605.

Pacific Rim ya Guillermo del Toro, mwaka 2013, ilianza na filamu. Iliingiza takriban dola milioni 411 duniani, na ilikuwa na dunia nzuri: roboti wa mataifa mbalimbali, marubani wawili wanaounganisha akili zao, miji iliyojengwa juu ya mifupa ya madubwana. Mwendelezo ulikuja miaka mitano baadaye ukiwa na mwongozaji mwingine na wahusika wengi wapya, ukapata karibu dola milioni 290. Mashabiki walikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kuwashikilia katika miaka ile mitano ya katikati.

Nani anakula matunda?

Swali hili ndilo zito kuliko yote kwa mtu anayebuni. Ukisoma maandishi madogo kwenye boksi la Gundam, mwenye hakimiliki si Tomino. Kwa miaka mingi majina yaliyoandikwa pale yamekuwa ya kampuni mbili: Sotsu, ambayo ni wakala wa matangazo, na Sunrise, studio. Hata sehemu ya kutaja mbunifu, jina la Tomino linakaa pamoja na la Hajime Yatate, na huyo Yatate si mtu. Ni jina la pamoja la wafanyakazi wa studio.

Bandai ilielewa kwamba kuuza modeli bila kumiliki hadithi ni kupanga kwenye nyumba ya mtu. Mwaka 1994 iliiingiza Sunrise katika kundi lake. Mwaka 2005 ikaungana na Namco, kampuni ya michezo ya video. Sotsu nayo ikawa kampuni tanzu yao kikamilifu mwaka 2020. Leo anayechora, anayetengeneza plastiki, anayetengeneza michezo na mwenye hakimiliki wamo chini ya paa moja. Ndiyo maana filamu mpya inapotoka, modeli zake huwa tayari ziko dukani.

Huo ni ufanisi mkubwa wa biashara. Lakini ni vizuri kuutazama kwa macho mawili. Chapa inayoishi zaidi ya miaka 40 huishi kwa sababu kampuni inaweza kumpa kazi mtu mwingine pale mbunifu wa kwanza anapochoka au anapokataa. Na kampuni inaweza kufanya hivyo kwa sababu mbunifu hamiliki. Anayetaka kubuni chapa yake aamue mapema, kwa maandishi, atabaki na nini: jina, wahusika, haki ya kutengeneza filamu, au asilimia ya kila boksi. Haya huandikwa kabla ya kazi kupendwa. Ikishapendwa, mezani watu wanakuwa wengi na mbunifu anakuwa mmoja.

Yaliyo muhimu kwa anayepanga

Tukiyakusanya yote, mtu mwenye hadithi ya roboti, au hadithi yoyote ile, ana mambo matano ya kuandika kwenye karatasi kabla hajatafuta mdhamini:

Kwanza, dunia ya hadithi ina kanuni gani, na ni watu gani wengine wanaishi humo ambao hatujawaona?

Pili, anayeipenda hadithi hii ni nani hasa, na kitu gani yeye angetaka kukishika mkononi? Kosa la mwaka 1979 lilikuwa hapa.

Tatu, ni mambo gani matatu hayatabadilika kamwe, ili mengine yote yaweze kubadilika?

Nne, mgeni ataingilia mlango gani miaka kumi kutoka sasa?

Tano, hakimiliki ni ya nani, na imeandikwa wapi?

Waliotengeneza Gundam hawakuwa na majibu yote matano siku ya kwanza. Walikuwa na la kwanza tu, na walikuwa nalo kwa uhakika. Lile la pili lililetwa na Bandai kwa kiboksi cha yen 300, na la nne likachukua miaka 15. La tano lilijibiwa mapema sana, na si mchoraji wala mwandishi aliyelijibu.